Nyusi za Dada Yangu

Dada yangu ni fundi bomba. Mtu akimpigia simu kwamba sinki limeziba au maji yanavuja chini ya beseni, huchukua mkoba wake wa vifaa, huenda, hubisha hodi, na mara nyingi mwenye nyumba akifungua mlango humwangalia kidogo, kisha huangalia nyuma yake kumtafuta fundi. Dada humwacha atafute. Akishamaliza, dada humwambia, "Fundi ndiye mimi. Niingie, au maji yaendelee?" Wengi humpisha. Wachache hufunga mlango. Hapo hurudi kwenye gari lake, hukaa kidogo mpaka moyo utulie, kisha hunipigia simu kunisimulia.

Huko kukaa kidogo, na huko kunipigia simu, alijifunza. Nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akijua mambo hayo. Mimi ni mdogo wake wa pekee, nilikuwepo alipokuwa akijifunza, na siku zile, pamoja na machungu yake, ndizo ninazozitamani kuliko siku nyingine zote nilizowahi kuishi.

Baba yetu alikuwa fundi wa boila kwenye bwawa la kuogelea la manispaa. Bwawa lilikuwa ndani ya jengo la zamani, lenye vigae vya kijani na paa la vioo. Boila, ule mtambo wa kupasha maji moto, lilikuwa chini yake, kwenye chumba cha joto chenye mabomba yaliyofungwa matambara kama watu waliovunjika mifupa. Taulo za bwawa zilianikwa juu ya mabomba hayo, na mpaka leo nikinusa taulo iliyokauka vizuri namwona Baba, amekaa kwenye kiti kisicho na mgongo, chupa ya chai miguuni, njiti ya kiberiti pembeni mwa mdomo, akipiga mluzi usio na wimbo. Ukimuuliza anapigaje mluzi na njiti mdomoni, alisema wengine huzaliwa na vipaji.

Kwenye ukuta wa chumba kile kulikuwa na kidirisha cha duara, kioo kinene kama kitako cha chupa, kilichotazama moja kwa moja ndani ya maji. Kiliwekwa ili fundi aone kama maji yamechafuka bila kupanda juu. Kwetu sisi kilikuwa sinema. Tulisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, tukagombania kuona miguu ya watu ikipepea kwenye maji ya kijani, tukikisia mwenyewe ni nani. Kulikuwa na mzee mmoja aliyetembea tu chini ya bwawa, taratibu, kama mtu anayekwenda posta.

Jumamosi asubuhi, kabla bwawa halijafunguliwa, Baba alituchukua sote. Tuliingia kwa mlango wa nyuma, ule wa uchochoro wa mapipa ya taka, tukapita chumba cha boila, tukapanda ngazi ya chuma, tukatokea juu ambako hakukuwa na mtu. Jua liliingia kwa paa la vioo na kulala juu ya maji. Mama alikaa kwenye benchi na kazi yake ya mkono, maana alikuwa mshonaji wa mapazia na hakujua kukaa bure. Mimi niliishia kwenye ngazi ya kwanza, maji yakinifika vifundoni, nikatosheka. Dada yeye alikuwa haambiwi. Baba alimpa jina la Bata tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa, kwa sababu alilia akitolewa kwenye beseni wakati watoto wengine hulia wakiingizwa.

Baba ndiye aliyemfundisha kuogelea, na Baba mwenyewe hakujua kuogelea hata kidogo. Alisimama ukingoni, suruali imekunjwa hadi magotini, ameshika mpini wa ufagio kwa ajili ya kumwokolea, akifundisha kwa sauti kubwa jambo asilolijua.

"Yasukume maji nyuma, Bata. Usiyapige, hayajakukosea."

"Mbona wewe huingii, Baba?"

"Umeona wapi kocha anaingia uwanjani?"

Mama aliangua kicheko mpaka sindano ikamponyoka. Baada ya hapo tulishuka chini kula mkate na mayai ya kuchemsha, migongo yetu kwenye mabomba ya moto, nywele za Bata zikitoa mvuke. Sikuwahi kujiuliza kwa nini tulipita mlango wa nyuma. Mtoto huona mlango wa nyumba yake ndio mlango.

Mtaa wetu ulikuwa na familia chache sana za watu weusi, nasi tulizoea kutazamwa kama watu wanavyozoea kelele za barabarani. Baba alikuwa na dawa moja kwa kila jambo. Mtu akimsonya dukani, au mlinzi akimfuata nyuma nyuma kati ya rafu, alihamisha njiti kutoka upande mmoja wa mdomo hadi mwingine na kusema, "Nyamaza, fanya kazi yako. Kelele za chura." Mama aliongezea kwamba Mungu anaona. Tukaamini mambo yameisha.

Bata alipofika umri wa kuanza kukwepa kushikwa mkono njiani, darasa lake likapangiwa masomo ya kuogelea, kila Alhamisi, kwenye bwawa lile lile. Wiki nzima hakukalika naye. Mama alimshonea mfuko wa taulo kutokana na mabaki ya pazia la mteja, wenye maua makubwa ya manjano, na Bata akaubeba begani kana kwamba anakwenda kupokea kombe.

Yaliyotokea Alhamisi hiyo alinisimulia baadaye sana. Alikuwa mweusi peke yake katika darasa lile. Mwalimu wa kuogelea, kijana mwenye filimbi shingoni, aliuliza nani anajua kidogo, Bata akanyoosha mkono, akaambiwa aingie. Akaingia kama alivyofundishwa, bila kurusha maji, akaenda mpaka upande wa pili kwa pumzi moja. Alipoibuka na kugeuka, akitarajia kuwaona wenzake majini, waliokuwa wameanza kuingia walikuwa wanatoka. Walisimama ukingoni wamejikunyata. Msichana mmoja alisema, wala hakusema kwa ubaya, alisema kama anayetoa taarifa, "Mama kaniambia nisiingie maji aliyoingia yeye. Rangi inatoka."

Wengine wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alitazama saa yake, akatazama benchi la wazazi waliokuja kutazama, kisha akamwita Bata kwa upole kabisa.

"Wewe si unajua tayari? Toka kwanza, wenzako wajifunze. Utaingia mwishoni, uogelee peke yako kwa raha zako."

Upole ule ndio ulioharibu kila kitu, maana dada yangu hakupata hata mtu wa kumkasirikia. Alikaa kwenye benchi na mfuko wake wa maua, akingoja. Mwishoni akaingia, akaogelea mara chache huku wenzake wakijifuta na kumtazama, na mama mmoja akimuuliza mwalimu kama maji hubadilishwa kabla ya darasa linalofuata. Basi huo ukawa utaratibu. Alhamisi hadi Alhamisi, yeye wa mwisho.

Nyumbani Mama akauliza, "Kuogelea kulikuwaje?"

"Kuzuri."

Akasema hivyo kila wiki, na kila wiki akala kidogo zaidi. Jumatano jioni tumbo lilianza kumuuma. Alhamisi asubuhi alikaa chooni mpaka Baba akagonga mlango. Daktari alimbonyeza tumbo, akamtazama ulimi, akasema hana kitu, ale matunda. Usiku nilimsikia akigeuka geuka, tulilala kitanda kimoja, na nikimuuliza ana nini alisema mimi nalala vibaya, nampiga mateke. Alama zake shuleni zilishuka. Jumamosi Baba akichukua funguo, Bata alisema ana kazi za shule. Tukaenda bila yeye mara mbili tatu, nami nikakaa na miguu yangu kwenye ngazi ya kwanza nikitazama maji yaliyotulia, halafu Baba naye akawa anasahau kutuchukua.

Kisha nyusi zikaanza kupungua.

Mama ndiye aliyeona. Alikuwa amemsimamisha Bata dirishani kumpima gauni, akamshika kidevu na kumgeuzia kwenye mwanga. Unyusi wa kushoto ulikuwa umekwisha kuanzia katikati. Wa kulia ulikuwa na mapengo kama shamba lililoliwa na ndege. Mama akafikiri ni mapunye. Akanunua mafuta kwa mfamasia, akampaka asubuhi na jioni, akachemsha foronya zote za nyumba. Mimi nilijua si mapunye. Nilikuwa nimemwona akifanya kazi za shule, mkono mmoja unaandika, mwingine uko usoni, unang'oa. Aling'oa unywele mmoja mmoja, akauweka kwenye ukingo wa dirisha, akaupuliza. Hakuonekana kama mtu anayeumia. Alionekana kama mtu anayepata nafuu.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Hakuna."

"Zitakwisha."

"Zikiisha nitaacha," akasema. Alipoona machozi yananilengalenga akanivuta kwake. "Usimwambie Mama. Mkono wenyewe ndio unaokwenda. Mimi najikuta tu."

Sikumwambia Mama. Nilimwambia Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa msafishaji wa vyumba hotelini na mwenye mdomo usio na breki. Shangazi alikuja siku iliyofuata, bado amevaa sare ya kazi, akamkalisha Bata kwenye kiti cha jikoni, akatoa kalamu ya wanja na kumchorea nyusi. Alitaka kusaidia tu. Lakini alikuwa anaongea huku anachora, na Shangazi akiongea mikono nayo huongea, basi unyusi mmoja ukapanda juu kuliko mwenzake. Alipomaliza, Bata alikuwa na uso wa mtu aliyepewa habari ambazo haziamini. Akajitazama kiooni. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akacheka, akacheka mpaka akainama, kisha kicheko kikageuka, na Shangazi akamshika kichwa kifuani, wanja ukichafua sare yake nyeupe.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," Shangazi akamwambia Mama baadaye, mlangoni, akidhani hatusikii. "Huyu mtoto ana kitu kinamla. Acheni kumpaka mafuta."

Aliyekifumua hatimaye ni muuguzi wa shule. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye miwani machoni na miwani nyingine aliyoisahau juu ya kichwa. Hakuwa wa rangi yetu. Bata alipelekwa kwake Alhamisi moja kwa tumbo, na muuguzi, badala ya kumbonyeza, alifungua daftari la mahudhurio na kumuuliza, "Tumbo lako linajuaje kwamba leo ni Alhamisi?" Basi muuguzi akawaita wazazi, nami nikaenda kwa sababu hakukuwa na wa kuniachia.

Tulikaa kwenye viti vidogo vya watoto, magoti ya Baba yakimfika kifuani. Kofia yake ameishika kwa mikono miwili. Muuguzi akasema anadhani kuna jambo bwawani, lakini binti hataki kusema, na yeye hawezi kulisemea asilolijua. Mama akamgeukia Bata. Bata akatazama sakafu. Nikasikia maji yakitiririka kwenye bomba la ukutani.

"Mimi najua," Baba akasema.

Sote tukamtazama. Yeye alikuwa anaitazama kofia.

"Kuna kidirisha kule chini. Alhamisi ya kwanza nilipanda kwenye ndoo nimwone anavyoogelea. Nikaona miguu yake inaingia. Halafu ya wenzake ikaanza kuingia. Halafu ile mingine yote ikapanda ngazi, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikabaki yake peke yake." Akaigeuza kofia. "Alhamisi ya pili nikaangalia tena. Baada ya hapo nikaning'iniza taulo mbele ya kioo."

Mama aliweka mkono mdomoni. Bata aliinua uso, na nyusi zake zile zilizokwisha zilimfanya aonekane uchi, kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Ulikuwa unaona, Baba?"

"Nilikuwa naona, mwanangu."

"Na ukanyamaza."

Bata akasimama, akatoka nje, akarudi nyumbani kwa miguu peke yake.

Hakusema na Baba kwa siku nyingi. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili na jiko, na kununiana katika nyumba ndogo ni kazi ngumu. Unapishana na mtu mlangoni huku umekaza shingo. Baba alimwekea chai, chai ikapoa. Alimwuliza jambo kupitia kwangu, nikawa posta. Miluzi ilikoma. Nafikiri dada angeweza kuwasamehe wasichana wale wote, na mwalimu, na yule mama aliyeuliza habari za maji, kabla ya kumsamehe Baba. Wale hawakuwa wake.

Jumapili moja alasiri, Mama akikata kitambaa mezani, Baba alitoka chumbani na kukaa sakafuni, mgongo ukutani, karibu na pale Bata alipokuwa. Hakumwangalia. Alianza kusema kama anajisemea.

"Mlango ule wa nyuma si wa wafanyakazi. Wafanyakazi wote hupita mbele. Nilipoajiriwa, meneja aliniambia wateja hawatapenda kuniona, kwa hiyo nipite uchochoroni, na wakati wa kazi nisipande juu. Nikasema sawa. Nilikuwa nimetafuta kazi muda mrefu, na Mama yenu alikuwa na mimba yako. Nikajiambia, chumba cha chini ni changu, nina joto langu, nina mluzi wangu. Na Jumamosi nikawaleta nyinyi kabla hakujafunguliwa, muone kama mahali pale ni petu." Akaitoa njiti mdomoni. "Nilidhani nikinyamaza na wewe ukanyamaza, itakupita kama ilivyonipita mimi. Lakini haikunipita, Bata. Mimi silali. Mama yako anajua. Mimi nimetafuna njiti ngapi, hata meno yamelegea."

Mkasi wa Mama ulisimama katikati ya kitambaa.

Bata akamuuliza, bila hasira, kama anayetaka kujua kweli, "Sasa mtu anafanyaje, kama kunyamaza si dawa?"

"Sijui," Baba akasema. "Mimi hiyo moja ndiyo niliyofundishwa."

Alhamisi iliyofuata alifanya jambo ambalo hakutuambia mapema. Bata alikuwa kwenye benchi, amevaa tayari, akingoja zamu yake ya mwisho, alipomwona Baba akitokea kwenye ngazi ya chuma akiwa na ovaroli yake yenye mafuta. Wazazi wakageuka. Baba akapita ukingoni mwa bwawa, akiwapisha watu na kusema samahani, akaenda kukaa kwenye benchi la wazazi, katikati yao kabisa, kofia magotini.

Mwalimu akamfuata haraka. "Fundi, kuna tatizo la maji?"

"Maji hayana tatizo," Baba akasema. "Nimekuja kumtazama binti yangu akijifunza na wenzake."

"Yeye huingia mwishoni."

"Kwa nini?"

Mwalimu akafungua mdomo. Bata anasema alimwona akitafuta jibu zuri, akilikosa, akatafuta jingine. Mwisho akageuka na kumwashiria kwa kichwa: haya, ingia.

Ningependa kusema kwamba wote walibaki majini. Hapana. Nusu walitoka. Mama mmoja akamshika mwanawe mkono na kuondoka naye, nywele zikichuruzika. Lakini wengine walibaki, na mmoja wao, msichana mwenye meno ya mbele yaliyopandana, alimuuliza Bata amefanyaje ule ujanja wa kuingia bila kurusha maji. Bata akamwonyesha. Alipofika upande wa pili akamtazama Baba, naye Baba, kwa mazoea, akatamka bila sauti: sukuma nyuma.

Meneja alimwita Baba siku hiyo hiyo. Muuguzi wa shule alikuwa amekwisha kumwandikia mwalimu mkuu, mwalimu mkuu amepiga simu manispaa, kwa hiyo hawakuweza kumfukuza kwa kosa la kukaa kwenye benchi. Walichofanya ni kumnyang'anya funguo za asubuhi. Walisema ni sababu za usalama. Hivyo Jumamosi zetu, zilizokuwa zimesimama tu, zikaisha kabisa, na hazikurudi tena. Baba alianza kupita mlango wa mbele, hakuna aliyemzuia, lakini sisi hatukukaa tena peke yetu chini ya paa lile la vioo, na nikiwa mkweli, kuna siku nilimlaumu moyoni. Nilikuwa mtoto. Niliona mikate na mayai yetu kuwa bei ghali mno ya kulipia mlango wa mbele.

Nyusi hazikuota kwa sababu ya Alhamisi moja. Muuguzi alimtafutia Bata mshauri, mwanamke mdogo aliyekutana na vijana kwenye chumba kimoja juu ya maktaba. Mara ya kwanza Bata alirudi amekunja uso.

"Ananiuliza ninajisikiaje. Nikamwambia vizuri. Akasema, basi tusubiri. Tukasubiri saa nzima."

"Hakusema kitu?"

"Alikuwa anamenya chungwa. Akanipa nusu."

Alirudi tena kwa sababu ya chungwa, anavyosema. Baadaye akaungana na vijana wengine waliokuja Jumanne. Kulikuwa na mvulana mrefu aliyekuwa akifuatwa na walinzi kila alipoingia dukani, mpaka akawa haingii madukani kabisa, mama yake ndiye anamnunulia hata soksi. Kulikuwa na msichana aliyekuwa anaamka moyo ukimwenda mbio bila sababu, akidhani anakufa. Mshauri aliwaambia kwamba mwili hauna wazimu. Mwili unaopigwa kila siku hujifunza kujilinda hata siku ambayo hakuna anayeupiga. Hilo Bata alilirudia nyumbani kwa kila mtu, hata kwa mtu wa maziwa.

Mikono yake ilihitaji kazi, kwa hiyo Shangazi akamfundisha kufuma. Kila mkono ulipotaka kupanda usoni, aliushikisha sindano na sufu. Alifuma vitu vya kutisha. Alifuma kofia ya birika, soksi moja isiyokuwa na mwenzake, na skafu ndefu iliyoanza pana na kuishia nyembamba kama mkia, ambayo Baba aliivaa kazini kwenye chumba cha joto kali, akitokwa jasho, bila kuivua. Nyusi zikaota polepole. Wakati wa mitihani zikapungua tena. Alipokosa kazi yake ya kwanza, maana kwenye simu aliambiwa aje, na uso wake ulipoonekana akaambiwa nafasi imejaa, akang'oa za kulia zote kwa wiki moja. Lakini siku ile ile aliyokataliwa alitwambia mambo yalivyokwenda, na hapo ndipo nilipojua ameanza kupona.

Maana tulikuwa na utaratibu mpya wakati huo. Mama ndiye aliyeuanzisha, na kama mambo yote ya Mama, aliuanzisha kwa amri. Jioni tukikaa mezani, kila mtu aliyekutana na kitu siku ile akiseme kabla chakula hakijapoa. Hakuna kusema "kuzuri" kama si kuzuri. Yeye mwenyewe alifungua ukurasa, akatusimulia kuhusu mteja wake wa miaka yote, ambaye hutupa malipo mezani ili asimguse mkono. Baba alishangaa. Hakuwahi kuambiwa.

"Miaka yote hiyo?"

"Wewe si ulisema kelele za chura?"

Shangazi, akiwepo, ndiye alikuwa hakimu. Alisikiliza, akapima, akatoa hukumu. Mteja yule wa Mama alihukumiwa kushona mapazia yake mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Mlinzi wa dukani alihukumiwa kumfuata Shangazi siku ya mshahara, atembee mpaka viatu viishe. Tulicheka sana. Siku nyingine hatukucheka. Mtu alisema jambo lake, na Mama akamwongezea chakula bila kumuuliza.

Bata alimaliza shule, akajifunza ufundi bomba kwa Baba wakati wa likizo na kisha chuoni, ambako alikuwa mwanamke pekee na mweusi pekee, akasema angalau sasa hawajui wamdharau kwa lipi. Bwawa lilibomolewa. Pale pana maegesho ya magari. Mimi nikaolewa nikahama mji, na baadaye Shangazi naye akahamia mbali.

Jioni ninayoikumbuka zaidi ni ile ya mwisho kabla sijaondoka. Sote tulikuwa mezani. Baba alikuwa hajawahi kusema lake. Miaka yote alisikiliza tu, sikio moja likiwa limeharibiwa na boila. Siku ile akaweka uma chini, akasema leo ana kesi. Kijana mmoja kwenye foleni ya benki alimwambia arudi kwao. Baba akamuuliza, kwa adabu, anamaanisha nyumba ya zamani au hii ya sasa, kwa sababu ile ya zamani ngazi zake ni mbaya kwa magoti yake. Watu wawili kwenye foleni wakacheka, na yule kijana akatoka nje.

Tulicheka. Shangazi alitaka kutoa hukumu lakini Baba akainua mkono, hajamaliza.

"Nilipofika nje, miguu ilikuwa inatetemeka," akasema. "Nikakaa kwenye ukuta wa benki mpaka ikaacha. Basi. Nilitaka kusema hilo pia."

Bata alikuwa karibu naye. Alimsogezea sahani ya mkate, Baba akachukua kipande, na Mama akauliza nani mwingine, chakula kinapoa.

Kwangu sasa, mezani, tunaongea habari za mpira na bei za vitu. Mume wangu ni mtu mwema na si mwepesi wa kusema. Nimemwambia utaratibu wa kwetu ulivyokuwa, akatikisa kichwa, akasema inaonekana mlikuwa na kelele sana. Jana, hata hivyo, alipokuwa anakata nyama, alisita kidogo, kisu mkononi, akasema kuna jambo lilitokea kazini Jumatatu. Nikazima redio.